Mlango wa Bibi Zaina

Mama yangu,

Nakusalimu kutoka Salamabila. Mimi ni mzima, ila matope yameniingia hata masikioni. Sisi vijana wa Kasongo tunajenga nyumba pamoja na wenyeji wa vibanda vya nyuma ya machimbo ya dhahabu. Wao wanakanyaga udongo wakiimba, sisi tunafunga fito, na mchana wanatushibisha wali na sombe ya majani ya muhogo yenye mawese mpaka kuinama ni kazi.

Jana tulimaliza nyumba ya Bibi Zaina, mjane anayeishi peke yake. Tulijivuna kweli: mlango unatazama barabara, kama nyumba za Wazungu wa machimbo. Bibi akaizunguka, akacheka, kisha akachukua jembe akaanza kubomoa ukuta wa nyuma, udongo ungali mbichi!

"Bibi, unafanya nini?" nikapiga kelele.

"Natafuta mlango wangu," akasema. "Kule barabarani wanapita watu hawanijui. Huku nyuma iko jiko ya jirani yangu. Asubuhi nisipotoka, ni yeye atakuja kuniita."

Basi tukashika majembe, tukambomolea sote, huku jirani mwenyewe akituchomea ndizi.

Tangu hapo nakuwaza wewe, mama. Ule mlango wetu wa uani tuliupigilia misumari kwa sababu ya mbuzi wa jirani yetu Mama Salima. Tafuta mtu aing'oe leo hii. Mungu akutunze mpaka nirudi, na mbuzi waingie tu, mradi Mama Salima naye aingie.

Mwanao,
Ramazani