Chemchemi Iliyo Chini ya Dampo

Biharamulo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Maharage ya huko Murusagamba mmeshavuna? Mimi ni mzima, bado nafagia soko na kupakia taka kwenye trekta. Ila kuna jambo limeninyima amani, na nikianza kulieleza kwenye simu mtandao unakatika.

Kule dampo kuna dimbwi la maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye taka zilizooza. Hata jua la mchana likiwaka dimbwi hilo linatoa mapovu, kama kuna mtu anapumua chini yake. Mvua zilipokatika tukalikuta tupu. Hakuna aliyelichota wala kulizibua. Tukacheka, tukamwaga taka.

Kiangazi hicho visima vya bondeni vilipungua, lakini chemchemi iliyo jirani na nyumba ninayopanga, chini ya dampo, ikazidi kutoa maji. Maangavu, hayana harufu. Mama Editha, mwenye nyumba wangu, akasema, "Mungu ametukumbuka." Tukayanywa bila kuyachemsha.

Kisha mjukuu wake, Neema, akaanza kuhara na kutapika. Hospitalini alipona, aliporudi nyumbani akaugua tena. Hapo ndipo nilipolikumbuka lile dimbwi. Nikapeleka chupa ya maji ya chemchemi hospitalini yakapimwe.

Siku ya majibu mpimaji akaniita pembeni. "Mna choo karibu na hiyo chemchemi?"

"Hapana. Juu yetu kuna dampo."

Akainua chupa yangu. "Dada, humu mmejaa bakteria. Wengine tumewawekea dawa tunazowapa wagonjwa, wakaendelea kuzaana."

Nikaitazama ile chupa, Mama. Ungeapa ni maji ya mvua.

Neema alibadilishiwa dawa, sasa anakula mwenyewe. Sisi na majirani tukaiziba chemchemi kwa mawe na udongo, tukawa tunachota bombani, mbali. Viongozi wameahidi kulihamisha dampo, lakini bado tunamwaga palepale.

Sasa juzi asubuhi nimeingia jikoni kuwasha moto, nikahisi nyayo zimelowa. Mvua haijanyesha. Maji yanatoka chini, katikati ya mafiga, maangavu na baridi. Mama Editha ameyatazama, akamshika Neema mkono na kumtoa nje.

"Yametufuata," akasema.

Leo tunahamisha vyombo. Mwambie Baba, watakaotaka kuchimba shimo la taka juu ya kisima chenu asiwakubalie, hata wakija na maneno matamu. Nisalimie kaka na wifi, na shangazi wa Kibimba. Mtutaje kwenye sala ya jioni.

Ni mimi binti yako,
Skolastika