Mikono ya Kemboi Imetulia

Mama,

Mikono ya Kemboi ni mizima. Naanza na hilo hata kabla ya salamu, kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza. Ni mizima, Mama. Daktari amemwangalia na amesema. Ule ugonjwa wako wa kutetemeka hukumwachia mtoto wako, mume wangu.

Sasa salamu. Sisi hatujambo hapa Njoro. Mvua ilikuja vizuri, ngano ya majirani imefika kiunoni, na duka langu la agrovet, la mbegu na dawa za mifugo, linaenda. Mjukuu wako Chela yuko shule ya bweni na amenipita kwa urefu. Kaburi lako tumelizungushia yale maua meupe uliyoyapenda, ingawa mbuzi wa jirani nao wanayapenda.

Nimekuwa nikitaka kukuandikia tangu tulipokuzika, lakini ningekuandikia nini? Uliniachia kazi, na kwa muda mrefu sikuwa na jibu la kukupa. Ulikuwa umekaa pale kwenye veranda, blanketi magotini, na mkono wako wa kulia ukicheza wenyewe juu ya paja kama wa mtu anayepukuchua mahindi kwa kidole gumba. Kemboi alikuwa ameenda kutibu ng'ombe wa watu. Ukaniambia, "Nekesa, mwangalie mikono. Usimwambie nimesema, lakini mwangalie. Naogopa nimempa hii kitu." Nikakuahidi. Nilidhani unaongea kwa sababu ya uchovu. Hukukaa sana baada ya hapo.

Mama, mtu asiyekujua hawezi kuelewa kwa nini naandika habari za gofu kwa marehemu. Ulipostaafu ualimu mkuu, wenzako walifuga kuku. Wewe ulinunua fimbo za gofu za mitumba ukaenda kujiunga na kina mama wa kilabu cha gofu, na kijiji kizima kikasema mwalimu amechanganyikiwa. Kemboi alikuja kukubebea begi kwa aibu, asije mama yake akaonekana peke yake uwanjani. Baada ya miezi kadhaa ndiye aliyekuwa anakuamsha wewe Jumamosi.

Mimi nilikuwa wa kuwacheka tu. Nimelelewa kwenye nyumba za reli pale Nakuru, baba yangu fundi wa mabehewa, na kwetu gofu ilikuwa ni kitu tulichokiona kupitia ua wa watu. Tena kwetu mke wa mtoto hazoeani ovyo na mama mkwe. Lakini wewe ulinivua viatu siku moja, ukanisimamisha kwenye zulia la sebuleni, ukanipa putter, ile fimbo fupi ya kusukumia mpira shimoni, ukasema, "Usiuogope. Ni mpira tu, haujasoma kukuzidi." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikuusukuma hata mara moja.

Na kuna jambo nililiona bila kulielewa. Ugonjwa ulipozidi uliacha kupiga mipira mirefu, ile ya kwenda mbali, lakini kusukuma hukuacha. Tulikuwa tunakushika mkono hadi kwenye nyasi za kando ya nyumba. Mkono uliokuwa umekataa kutulia mapajani, ukishika putter ulikuwa unanyamaza. Mpira unaenda, unaingia, kisha ukirudi kitini mkono unaanza tena. Nilidhani ni mapenzi ya Mungu kwako. Kumbe kulikuwa na maana ambayo ingetuokoa, na hakuna kati yetu aliyeijua.

Wiki chache baada ya mazishi, watu wa kilabu waliandaa mchezo wa kukukumbuka. Nilienda, nikakaa na kina mama. Kemboi alicheza vizuri mpaka grini ya mwisho, ile nyasi fupi yenye shimo. Mpira wake ulikuwa umebaki karibu kabisa na shimo, karibu kiasi kwamba mtu angeusukuma kwa kidole cha mguu. Watu wote wakanyamaza kwa heshima yako. Akainama, na mkono wake wa kulia ukaruka kama umeguswa na stima. Mpira ukapita shimo ukaenda mbali. Mtu mmoja akasema, "Pole, daktari, ni majonzi," na wote wakakubali. Mimi pia nilikubali.

Lakini ilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Mipira mirefu alipiga kama kawaida. Ule mdogo, wa karibu, ndio uliomshinda. Kisha akaacha kwenda. Aliweka begi store nyuma ya magunia ya dairy meal ya ng'ombe na akasema, "Nimechoka na hiyo mchezo. Inakula siku." Nikashukuru, Mama, nakuambia ukweli, nilidhani nimepata mume wa Jumamosi.

Kilichonishtua ni chai. Unakumbuka jinsi ulivyokuwa ukitaka nusu kikombe, ili isimwagike ukiinua? Asubuhi moja nilimjazia Kemboi kikombe chake, na yeye akamimina nusu kwenye kikombe kingine. Kesho yake akafanya hivyo tena. Nikaanza kumwangalia mikono kama ulivyoniomba, na nikaona anaificha: chini ya meza, mifukoni, nyuma ya mgongo akiongea na watu. Mtu akificha kitu hivyo, hata ukiangalia huoni kama kinatetemeka au hakitetemeki. Unaona tu kwamba kimefichwa.

Sikumuuliza. Sijui nilikuwa nangoja nini.

Mzee mmoja wa Rongai ndiye aliyetufungua. Alipiga simu tukiwa tunakula chakula cha mchana, sauti yake nikaisikia mpaka upande wangu wa meza. "Daktari, kuja haraka, seng'enge imemrarua ng'ombe kwa chuchu. Ni yule wa maziwa." Unajua mwanao. Kwa ng'ombe kama huyo angeacha sahani na kukimbia. Akamwambia mzee atamtumia daktari mwingine, kazi zimemzidi. Akakata simu, akaangalia ugali wake. Hakukuwa na kazi yoyote siku hiyo.

Nikamwambia, "Baba Chela, nionyeshe mikono."

"Ya nini?"

"Nionyeshe tu."

Akaiweka juu ya meza, viganja chini. Tukaiangalia pamoja. Ilikuwa imetulia kabisa, Mama, kama ya mtu aliyelala. Lakini yeye machozi yalikuwa yameshaanza kushuka. Akasema, "Iko ndani. Mathe alianza hivi hivi. Siwezi kushika sindano kwa chuchu ya ng'ombe nikijua mkono unaweza kuruka." Akaniambia amekuwa akijipima kila siku kwa siri, akinyoosha vidole mbele ya kioo cha gari. Kwamba aliogopa kuniambia kwa sababu mimi ndiye niliyekulisha kwa kijiko, na hakutaka nianze kuhesabu siku zangu za kumlisha yeye.

Hapo nikavunja ahadi yangu kwako. Nilimwambia uliniomba nini. Nisamehe, lakini ilikuwa lazima ajue kwamba hakuogopa peke yake, kwamba tulikuwa watatu.

Tulienda Nakuru Jumatatu yake kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Ni mama wa makamo, mpole, haharakishi mtu. Alimfanya atembee kwenye korido, agonganishe vidole, aandike jina lake mara kadhaa. Kisha akamwambia aweke mikono mapajani na ahesabu kwa kurudi nyuma. Akaiangalia mikono kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa naangalia uso wa daktari.

Akauliza, "Inaruka lini?" Kemboi akamwambia, kwa aibu, kwamba ni kwenye grini, kwa mpira wa karibu. Na siku hizi akiogopa, kwa chai. Daktari akauliza, "Na mama yako, yake ilitetemeka lini?"

Nikajibu mimi. Nilisema ilitetemeka akiwa amekaa, na ilitulia akishika fimbo. Nilisema tu kwa sababu ndivyo nilivyokumbuka.

Daktari akatabasamu. "Basi umenijibia," akasema. Akatueleza kwamba ugonjwa wako kwa kawaida huanza mkono ukiwa umepumzika, na mtu akiutumia unatulia. Mkono wa Kemboi ni kinyume: hutulia ukipumzika, huruka ukitumika. Akasema pia kwamba mara nyingi ugonjwa huo hautoki kwa mama kwenda kwa mtoto, na kwamba kwa yote aliyopima haoni dalili yake. Wachezaji wengi huruka mkono hivyo kwenye mpira mdogo. Akamwambia, "Wewe umegeuza kila mpira kuwa mtihani wa kujua kama unakufa. Nani angetulia? Rudi ucheze. Lakini ucheze, usijipime."

Kule nje Kemboi alishika mlango wa gari na hakuufungua. Alisimama hapo. Mlinzi wa parking akauliza, "Boss, uko sawa?" Naye akasema, "Niko sawa! Niko sawa kabisa!" kwa sauti iliyowafanya watu wageuke. Tuliingia hoteli ya kwanza tuliyoiona, akaagiza chai, na akainywa kikombe kikiwa kimejaa mpaka ukingoni. Ilimwagika kidogo kwenye shati. Akacheka.

Lakini usidhani iliisha hapo. Kujua si kupona. Alitoa begi store na kwenda kujaribu, na mkono ukaruka vilevile. Alirudi amenuna. Nikakumbuka daktari alivyosema, nikaenda chumbani kwako nikachukua putter yako. Nikamwambia, "Nifundishe. Mathe alijaribu nikakataa."

Mama, mimi ni mbaya. Sikujua mtu anaweza kuwa mbaya hivyo kwa kitu kidogo hivyo. Tulilaza sufuria kubwa ya kupikia githeri kando ya nyumba iwe shimo, kwa sababu shimo la kweli lilikuwa likimtisha, na mpira wangu uliikosa hata hiyo sufuria. Ulienda kwa kuku. Kemboi alicheka mpaka akashika ukuta. Tukaweka sheria: anayeshindwa ataosha vyombo. Niliosha vyombo kwa muda mrefu sana, mpaka nikadai tubadilishe mchezo.

Basi tukaanza kubuni. Siku nyingine tunasukuma kwa mkono wa kushoto tu. Siku nyingine hakuna shimo kabisa, tunashindana nani mpira wake utasimama karibu zaidi na ukuta bila kuugusa. Siku nyingine anaangalia sufuria badala ya mpira, na huo ndio uliomsaidia sana, sijui kwa nini. Tulipoona sufuria imekuwa rahisi tukaleta bakuli, kisha kikombe cha bati. Lakini ule uliomponya niligundua kwa bahati. Nilimuuliza juu ya ng'ombe aliyemzalisha asubuhi, naye akawa ananieleza jinsi miguu ya ndama ilivyotangulia vibaya, na katikati ya sentensi akausukuma mpira bila kufikiri. Mkono haukuruka. Nikanyamaza. Wa pili ukaruka. Kwa hiyo nikamwambia asisukume tena mpira wowote akiwa kimya. Awe ananipa habari za ng'ombe. Sasa nawajua ng'ombe wote kuanzia hapa mpaka Rongai, tabia zao na maradhi yao, na wengine hata ukwe wao.

Jumamosi iliyopita alirudi kilabu. Mimi ndiye niliyekuwa kedi wake, nilibeba begi. Mpaka grini ya tano hakukuwa na shida, kisha ukabaki ule mpira, wa karibu, ule wenyewe. Wenzake walikuwa wanajua, wakanyamaza wote. Kemboi akainuka akawaambia, "Jamaa, endeleeni kupiga story. Nikinyamaziwa nakufa." Mmoja akaanza kulalamika juu ya bei ya mbolea, na Kemboi naye akaanza kumjibu, akainama, akasukuma.

Mpira ulikosa.

Ulipita upande wa kushoto, pole pole, ukasimama. Nikafikiri tumerudi mwanzo. Lakini yeye aligeuka na kunitafuta kwa macho, uso wote umefunguka. "Mama Chela! Umeona? Haikuruka! Nimesoma vibaya mteremko, ni mimi nimekosa, nimekosa mwenyewe!" Watu walimwona mwanaume mzima akishangilia mpira uliokosa shimo. Niliweka begi chini nikampigia makofi, na wale jamaa nao, bila kujua vizuri wanashangilia nini.

Na Jumanne ameshona. Ng'ombe mwingine, Rongai hiyo hiyo, mguu uliochanika. Alinipigia simu akiwa bado amevaa gumboots, akanisimulia kila uzi.

Basi, Mama, pumzika. Lile ulilonikabidhi limekwisha. Wiki hii nimegundua kwamba nakula naye bila kuangalia mikono, naangalia uso, na ni uso mzuri, nilikuwa nimeusahau. Ningependa ungeuona. Ningependa pia ungeniona mimi, maana nimejiandikisha kwa kina mama wa kilabu, nitaanza mwezi ujao, na wataniweka na wanaoanza, wengi wao wadogo kwangu. Nakuahidi sitaacha hata wakinicheka. Nakuahidi Chela akifunga shule tutamsimamisha hapa kando ya nyumba na kumfundisha bila kumtisha. Na nakuahidi kwamba nyumba hii haitaficha tena mtu anayeogopa.

Kwaheri, Mama. Lala vizuri. Jua linaanza kushuka, Kemboi yuko nje na kikombe cha bati, na ameniita mara mbili. Anasema nikichelewa nimeshindwa, vyombo ni vyangu.

Mimi mkaza mwanao,
Nekesa