Mikono ya Odilia

Jumatatu, 10 Februari 2025

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umo kwenye plasta tangu bodaboda iliponiangusha pale sokoni. Herufi zinakwenda upogo. Basi, kwa kifupi.

Leo nimechomoa kijiti cha kupimia oili kwenye Landrova yetu. Oili nyeupe! Kama chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye injini. Gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye oili, imekwisha — sina shaka.

Na madaktari wa macho wanakuja hospitali wiki ijayo, mwisho Ijumaa. Mama Serafina, mama mkwe wangu, yuko Mkula, haoni tena hata sahani yake. Nyonga inamsumbua, bajaji inamkunja mpaka analia. Kutoka lami hadi kwake ni tope tupu, magari madogo hayafiki. Ni Landrova tu, alazwe nyuma kwenye godoro.

Odilia, mke wangu, alitoka kwenye cherehani yake, futi bado iko shingoni. Akaangalia ile oili. "Baba Ignas, wewe una mdomo, mimi nina mikono. Tufungue."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 11 Februari

Kafungua! Kamwaga maji, katoa rejeta, katoa kabureta. Kila kipande anakifunga uzi — mwekundu wa silinda ya kwanza, bluu wa pili, hivyo hivyo. Mimi miaka yote natupa kila kitu kwenye karai, halafu natukana karai.

Tadei, fundi wa gereji ya jirani, alipita. Akasema shemeji ajipumzishe, hiyo injini imezeeka, na yeye mwenyewe kazi zimemjaa. Odilia akamkaribisha chai. Akaendelea kufungua.

Alhamisi, 13 Februari

Bolti moja ya hedi imegoma. Mimi ningechomeka bomba kwenye spana nikavuta kwa hasira, nikaikata. Yeye kaidondoshea mafuta ya taa, kaigonga kichwani taratibu kwa nyundo ndogo, kaenda kushona sare za kwaya. Karudi, kagonga. Kaenda tena. Mimi nazunguka gari kama kuku anayetafuta pa kutagia — vuta basi!

Jioni imeachia. Kwiii! Akapiga vigelegele peke yake uani. Jirani akaja mbio kuuliza kama tumepata mjukuu.

Gasketi imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu. Mpya itatoka Morogoro kwa basi.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya misa, kazi. Kanga kiunoni, oili hadi kwenye viwiko. Gasketi ilifika jana, nzima.

Nilimweleza kwamba bolti hazikazwi kwa mpigo; unaanzia katikati, kidogo kidogo, unakwenda nje, unarudia. Nikajiandaa kueleza mara ya pili. "Nimekuelewa," akasema. "Ni kama kushikiza kola. Ukivuta upande mmoja, mwingine unajikunja."

Sijawahi kufikiria hivyo. Nimeendesha na kufungua hii gari tangu hatujaoana!

Tadei karudi, kaleta spana yake ya kupimia mkazo. Hatukumwomba. Alisimama akimwangalia Odilia mpaka bolti ya mwisho, halafu akaniambia kwa sauti ya chini: huyu shemeji usimlete gerejini kwangu, atanifukuza.

Nikajisikia raha kana kwamba nimesifiwa mimi.

Jumatano, 19 Februari

Siku mbaya. Tumepiga stata — inakohoa, inapiga chafya kupitia kabureta, moshi, kimya. Tena. Tena. Betri inalegea. Nikaanza kupiga kelele: petroli! Hapana, moto! Hapana, valvu!

"Baba Ignas. Nyamaza nisikie."

Nikanyamaza. Akafuata waya za plagi kwa kidole, moja moja. Waya mbili zimebadilishana nafasi. Na mpangilio nilimtajia mimi! Alijua. Akazihamisha tu.

Ikawaka. Ikanguruma mpaka bati la jiko likatetemeka. Odilia kakaa chini kwenye vumbi, kafunika uso kwa kanga. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Oili nimeipima. Safi.

Ijumaa, 21 Februari

Naandika garini, kiti cha mbele. Tumesimama kando ya barabara, tumeipita Kiberege, mashamba ya mpunga pande zote. Siku ya mwisho ya madaktari. Saa sita wanafunga kuandikisha wagonjwa. Sasa ni saa nne na kitu.

Tumemchukua Mama, tulikuwa tunakwenda vizuri. Odilia kwenye usukani, tope la Mkula kalivuka bila kukwama. Ghafla mshale wa joto ukapanda. Mvuke! Kazima hapo hapo. Mpira wa rejeta umepasuka kwenye shingo. Sijui kama gasketi imepona. Siulizi.

Amesubiri injini ipoe. Amekata kipande kilichopasuka, anarudisha mpira kwa nguvu, na sehemu iliyochubuka anaizungushia tyubu ya baiskeli aliyopewa na kijana mmoja mpita njia. Ndoo ya maji ipo miguuni pake.

Mama kaniita kutoka nyuma, kwenye godoro. "Mkwe, mbona nakusikia bado umo garini? Nani anatengeneza?"

"Ni Odilia, mama."

"Odilia yupi?"

"Odilia wako, mama."

Akageuza kichwa asikilize. Chuma kinagonga chuma huko mbele. Nilifikiri ataogopa, aniambie nikatafute fundi.

"Ana oili mikononi?"

"Hadi kwenye viwiko. Na usoni kidogo."

"Haya, weka hiyo kalamu, naisikia inavyokwaruza. Niambie anavyofanya. Usiruke kitu."