Chumba cha Baba Mkwe

Ng'ambo ya Busisi,
Jumatatu, 12 Januari 1998

Kwa dada yangu mpendwa Sabina,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mguu wako umeacha kuvimba. Mimi na watoto hatujambo. Mdogo alishikwa na mafua ya mvua, lakini leo nimemwona anawafukuza kuku uwanjani, kwa hiyo amepona. Shemeji yako Pius anakusalimu sana. Sijui mvua hizi huko Ilemela zimewafanyaje. Sisi zimetufungia ndani wiki mbili, daraja dogo la kwenda kivukoni likachukuliwa na maji, na hata chumvi tukawa tunaazimana kwa vijiko.

Najua ulinitegemea ofisini tangu tarehe mbili, na najua kuna kitu ulikitegemea kuliko mimi. Kompyuta ni nzima, dada. Disketi zote tatu ni nzima. Nimeanza na hilo ili upate nguvu ya kusoma mengine, na hayo mengine naomba uyasome ukiwa umekaa.

Unakumbuka ulivyonisimamisha mlangoni siku naondoka. Ulisema mashine ibaki kwako, na kama nang'ang'ania kwenda nayo, basi disketi za akiba zibaki, maana vitu vya namna moja havisafiri begi moja. Ukasema nisiifungue mbele ya watu, hata wawe ndugu. Nikaitikia ndiyo dada, ndiyo dada, kisha nikarudi ndani nikatia vyote kwenye begi moja jeusi, nikalifunga na kakufuli kale ka sanduku la shule. Nilikudanganya. Sababu yenyewe naiona haya kuiandika. Mwaka jana huku ukweni walinicheka kwamba mke wa Pius kazi yake ni kuuza matumbo ya samaki. Hawajui bondo la sangara, kile kifuko cha hewa tumboni mwake, likikaushwa vizuri linapanda ndege mpaka Hong Kong, wakati wao hata Dar es Salaam hawajafika. Nilitaka wanione nimekaa mezani na kompyuta ya kukunja, nabonyeza, miwani puani. Ni hilo tu.

Siku ya Krismasi nilikuwa nimeshaliweka begi mezani alipoingia Chenge. Huyu ni mume wa wifi yangu Tereza, na siku zote nilijua anafanya biashara ya mpunga. Kabla hajamaliza kunawa mikono akatutangazia kwamba mpunga ameuacha, sasa ananunua mabondo kwa niaba ya tajiri mmoja wa mjini, ila visiwani anapata shida, hajui aanzie kwa nani. Dada, niliiacha pilau. Majina ya mawakala wako kumi na wanne, kila mmoja na kisiwa chake na namna anavyotaka kubembelezwa, pamoja na namba za faksi za wanunuzi, vyote vilikuwa ndani ya begi lile, hatua mbili kutoka kwenye sahani yake. Miaka mitano umezunguka na mitumbwi kuyakusanya majina hayo, tangu kiwanda kilipokupunguza kazini ukarudi nyumbani na cherehani tu.

Niliinuka nikampelekea begi baba mkwe. Mzee Ndalahwa unamfahamu, mgane, maneno machache, alipima pamba ya watu miaka thelathini. Nilimwambia ni vitu vya ofisi ya dada yangu, naomba anitunzie. Alilipokea kwa mikono miwili, hakuuliza, akaliingiza chumbani kwake. Nikashukuru Mungu, kwani chumba kile hakina kufuli na hakilihitaji. Mkwe hakanyagi chumba cha baba mkwe. Akikanyaga, ukoo unakaa, anarudishwa kwao akalete wazee na mbuzi, na watoto wanabaki. Mimi mwanamke wa Bukoba, ambaye tayari nasemwa kwamba sijui kupiga magoti, ningekuwa wa kwanza kuhukumiwa.

Tarehe ishirini na nane mzee na Pius walivuka kwenda Usagara, kwenye msiba wa shangazi yake Pius. Chenge naye akaelekea zake visiwani. Usiku huo mvua ikashuka, daraja likaenda, na nyumbani tukabaki mimi, watoto na Tereza. Siku ya pili nikaanza kusikia bati la chumba cha mzee linavuja. Nilikuwa nachambua mchele barazani na kila tone nalisikia linavyoanguka kule ndani, juu ya kitu nisichokiona. Kama ni juu ya begi, basi mashine na akiba yake vinakufa pamoja, na kosa ni langu. Tereza ni binti wa nyumba, angeweza kuingia, lakini kumwomba ni sawa na kumkabidhi Chenge begi. Kuingia mwenyewe siwezi. Kuondoka siwezi. Siku tatu nilikaa kwenye baraza ile, nachambua mchele uleule uliokwisha chambuliwa.

Ijumaa mchana Tereza alipokwenda mashineni kusaga, nikaingia. Nilivua viatu, kama vile kuvua viatu kungepunguza kosa. Kitanda cha mzee kilikuwa kitupu, kamba tu, nikajua godoro amekwenda nalo msibani. Begi hilo hapo, amelifunga ndani ya turubai la pamba na kulining'iniza kwenye boriti, mbali kabisa na panapovuja. Kavu! Maji yalikuwa yanaanguka kwenye beseni tu. Nililia, dada, kwa furaha na kwa ujinga wangu. Nikalifungua begi, nikaiwasha mashine nione kama inawaka, nikaizima. Nilipotoka nalo, Tereza alikuwa amesimama uwanjani na unga wake kichwani. Mashine ya kusaga haikuwa na dizeli.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinisaidia hata kufunga mlango, akaniambia nisiogope, yeye si mtu wa maneno. Kesho yake akaomba kitenge changu cha Krismasi nikampa. Akaacha kuteka maji nikawa nateka mimi. Kila jioni alinikumbusha kwa upole kwamba baba akirudi, ukoo utakaa kugawa mali ya shangazi, na watu wote watakuwepo. Siku ya sita akasema anachotaka hasa: majina ya mawakala, ampelekee mumewe. Nilifikiria kumpa majina ya uongo, lakini alisoma hadi darasa la kumi na mbili, akaketi ubavuni mwangu akakisoma kioo mwenyewe. Betri ilikuwa na nusu saa. Ikamtosha.

Ndiyo hivyo, dada. Nimetoa majina yote kumi na manne. Namba za faksi pia. Nilikuwa nawatazama watoto wanachezea tope nje na nikaona ni heri nikukose wewe kuliko kuwakosa wao. Sikufichi hilo, na usinifariji.

Jumamosi njia ilifunguka, Tereza akavuka na karatasi zake kumfuata mumewe. Jana mzee na Pius wakarudi. Nilimpigia magoti mzee, vizuri safari hii, nikamwambia niliingia chumbani kwake. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama jua limechomoza. Akasema chumba kile si chake tena. Siku ya kwenda msibani alihamishia godoro lake kwenye nyumba ya vijana, kwani hapa kwao chumba kinakuwa cha mzee kwa godoro lake, likitoka ni ghala tu. Alifanya hivyo makusudi ili mimi niweze kulichukua begi wakati wowote. Akaniuliza kama Tereza hakunieleza. Alikuwa amemwagiza aniambie asubuhi ileile, kabla hajavuka.

Kitanda kitupu nilikiona kwa macho yangu, dada. Nikadhani msiba.

Begi anakuletea mzee mwenyewe pamoja na barua hii. Amekataa lisibebwe na mtu mwingine, na amesema atakaa kwako mpaka akuombe radhi kwa niaba ya binti yake. Nimemwambia radhi ni yangu, hasikii. Mpe kiti na chai. Halafu usingoje hata siku moja: waandikie wanunuzi leo, na wapelekee mawakala salamu kabla Chenge hajawafikia wote. Disketi nimeziweka mfuko wa koti lake, mbali na mashine, ulivyonifundisha.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Ukiona nafasi yangu ofisini bado ipo, niandikie. Ukikaa kimya nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Odeta