Farasi Wangu Hatulii Mpaka Nimpigie Umbea

Mpendwa Shangazi wa gazetini, naomba unikopeshe akili maana zangu zimegota. Mimi ni msusi, nina saluni ya viti vitatu nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, nina mume, na watoto walipokua wakaondoka nyumbani nikasema na mimi sasa nifanye kitu cha kwangu, nikaenda kujiandikisha mafunzo ya farasi, si ya mbio wala ya kuruka vizingiti, ni ule mchezo wa hatua ambapo farasi anatembea, anakwenda mchakamchaka, anazunguka duara na kusimama sawasawa kwa ishara ndogo za mpandaji ambazo mtazamaji hatakiwi hata kuziona, na mume wangu alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Mama watoto, si hata baiskeli ilikushinda?" lakini nikaenda.

Basi Shangazi, nikapewa farasi kijana tunayemwita Roho Juu, kwa sababu anashtushwa na kila kitu, ndoo, mwavuli, kivuli chake mwenyewe, na siku moja alishtuka kwa kuwa amepiga chafya, na nikimpanda anainua shingo kama anachungulia ukuta wa jirani, mgongo unakuwa mgumu kama benchi, hatua fupi fupi, tukawa tunazunguka uwanja wa mchanga ubavu ubavu, mwalimu anashika kiuno tu. Siku moja wifi yangu akaja kutazama, akaegemea uzio, akaanza kunipa habari za jirani yetu aliyenunua friji akamdanganya mkewe kwamba ameshinda bahati nasibu, mimi huku juu namjibu, "Ehee! Mke naye akasema nini?" wala sikuona kwamba Roho Juu ameshusha shingo, mgongo umelegea, anapuliza pua polepole na kutembea kwa hatua ndefu za raha, mpaka nilipomwona mwalimu amesimama mdomo wazi. Ikawa mke amekwenda dukani kuulizia hiyo bahati nasibu, akafungua mlango, akamkuta nani pale kaunta, lakini hayo siyo yaliyonileta.

Kilichonileta ni kwamba tangu siku ile nampigia Roho Juu umbea kila tunapofanya mazoezi, wateja wangu wote anawajua, na tumepiga hatua kweli, duara linatoka duara, tukisimama tunasimama miguu yote minne, lakini mwisho wa mwezi kuna mtihani mbele ya mwamuzi, na katika mchezo huu ukimsemesha farasi unakatwa alama, na nikinyamaza tu Roho Juu anarudi kuwa yule yule, wiki iliyopita alinirusha nikanyanyuka na mchanga kwenye meno. Mwalimu amesema farasi asipotulia siku ya mtihani atamuuza, maana hawezi kulisha farasi wa kurukaruka, na mnunuzi amekuja tayari, akamfungua mdomo kumtazama meno, nikahisi kama ananipekua mkoba, nikalia njia nzima kurudi nyumbani, nampenda sana farasi yule Shangazi. Mwalimu kwa huruma yake ananiambia nimpande Bi Mkubwa, farasi jike mzee anayeujua mtihani wote kichwani, wewe unakaa tu kama abiria na utepe wa ushindi unaupata.

Sasa ya aibu ni hii. Mwenzangu mmoja wa pale mazoezini amenipa mkanda wa kumfunga farasi kichwa kikae chini, anasema siku chache tu atapendeza, ila nifanye mwalimu akiwa hayupo, na mkanda huo ninao saluni kwenye droo ya vitana, jana niliutoa nikaurudisha. Hata kazini sina raha, nasuka kimya kimya, jana mteja wangu wa siku nyingi aliniuliza, "Leo unanisuka au unaning'oa? Siku hizi ukinyamaza tu, kichwa changu kinakipata!" akaondoka nyusi zimepanda juu. Nimpande Bi Mkubwa, nitumie mkanda, au niache nirudi kwenye viti vyangu vitatu?

Ni mimi, Msusi.

SHANGAZI ANAJIBU

Msusi mdogo wangu, pole, na hongera. Barua yako nimewasomea wenzangu ofisini kwa sauti, nikaishiwa pumzi kabla sijafika kwa Bi Mkubwa, ikabidi mhariri anipokee. Hilo liweke pembeni, nitalirudia.

Tuanze na mkanda. Urudishe leo, kabla hujafungua saluni, na usiniambie habari za "siku chache tu". Farasi aliyefungwa kichwa hajatulia, amefungwa. Wewe ni msusi, mambo haya unayajua kuliko mimi. Nywele zilizovutwa kwa nguvu zinapendeza Jumamosi, Jumatano mwenye kichwa anatafuta dawa ya maumivu. Na kitu cha kufanywa mwalimu akiwa hayupo, mtu mzima kama wewe unahitaji nikwambie ni kitu gani? Nimekasirika kidogo, lakini umeurudisha drooni mwenyewe, kwa hiyo nimekusamehe.

Sasa umbea. Unadhani Roho Juu anapenda habari za jirani. Farasi yule hajui friji ni nini! Ukiongea, wewe unapumua. Mabega yanashuka, mapaja yanalegea, vidole vinashika hatamu kwa upole. Ukinyamaza unabana pumzi kama mtu aliyetumbukia kisimani, na aliye chini yako anajiuliza huyu wa juu ameona kitu gani cha kutisha. Mimi farasi nimempanda mara moja tu, kwa ajili ya picha, na sote wawili tulijuta, kwa hiyo usiniamini mimi. Mwamini mteja wako. Alikwambia ukinyamaza kichwa chake kinakipata, ukaniandikia kama tatizo jingine, kumbe mteja na farasi wanakulalamikia jambo moja. Hata barua yako haipumui.

Kwa hiyo utaanzia saluni. Suka kimya, na kila ukimaliza mstari wa nywele toa pumzi mpaka tumbo lilegee. Wifi yako si yuko? Mkalishe kiti cha tatu, akiona mabega yanapanda akohoe. Endelea hivyo mpaka mteja asinzie mikononi mwako. Mteja akikoroma, umefika.

Juu ya farasi, anza na umbea kama kawaida, kisha punguza sauti, kisha usimulie moyoni tu, midomo imefungwa, pumzi inatoka. Mwamuzi anakata alama za sauti, ya moyoni hayamhusu. Roho Juu akishtuka usimkamate kama mwizi. Toa pumzi, legeza vidole, mzungushe duara dogo, mwendelee. Na haya yote mweleze mwalimu wako, asimame pale uzioni akuambie kila unapobana pumzi. Ukiwa naye hapo hapo, mwambie kwa mdomo wako kwamba unampenda yule farasi na humtaki yule mnunuzi. Unalia njiani wakati mwenye farasi hajui! Mdomo unao, tena wa kutosha.

Bi Mkubwa mwache apumzike. Huo utepe utakuwa wake, wewe utakuwa umempelekea tu nyumbani. Ulitaka kitu cha kwako, na cha kwako ni yule anayeogopa chafya yake. Akikurusha mbele ya mwamuzi, utakung'uta mchanga, na angalau atakuwa amekurusha wewe uliyemsimamia, si mgeni aliyemnunua kwa kutazama meno. Mume wako naye mwalike. Aje acheke huko huko, ila asije na mwavuli.

Siku hiyo mkimaliza, umsalimie mwamuzi kwa kichwa, utoke uwanjani kimya hivyo hivyo. Mkishavuka geti hakuna wa kukukata alama. Umefaulu au umeanguka, lala shingoni kwa Roho Juu umwambie mke wa jirani alifungua mlango akamkuta nani. Amesubiri mtihani mzima bila kunung'unika. Kisha na sisi utuandikie, maana tangu asubuhi hapa ofisini hakuna anayefanya kazi.