Hapana ya Fundi Cherehani

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo na kazi yako ya udobi? Huku wazima, ila jana mama yako kachomoa sindano kisiginoni mwangu. Fundi mzima nimejishona, wala sikusikia! Ni ugonjwa wa sukari huo. Kidonda ni kidogo tu.

Kwenye mkutano wa mtaa wametuuliza kama tunataka matibabu ya umma kwa kila mtu. Nikasimama, nikawaambia watafia kwenye foleni na namba mkononi. Walipiga makofi, we acha tu!

Baba yako

11 Machi

Shikamoo baba,

Kifua cha mama kinaendeleaje? Mimi nipo, mikono tu imebabuka kwa sabuni. Hongera kwa makofi. Kidonda je? Nasikia zahanati ya umma ya majaribio imefunguliwa nyuma ya shule, na hawatozi mtu. Nenda baba, nakuomba. Naogopa.

Binti yako

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua cha mama yako kimetulia.

Nilifika hadi kona ya shule. Foleni nzima ni wale wale wa mkutanoni! Seremala akaniona, akapaza sauti: "Fundi, umekuja kutukagua?" Wakaangua kicheko. Nikasema ndiyo, nimekuja kuwakagua. Nikageuka, nikarudi nyumbani. Kidonda chenyewe hakiumi, usinisumbue.

Baba yako

22 Machi

Shikamoo baba,

Leo sina salamu ndefu. Hakiumi kwa sababu mguu umekufa ganzi! Waache wacheke. Ukinifia kwa aibu, nitamwita nani baba? Nenda hata kesho.

Binti yako

30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Najua umehangaika na ukimya wangu. Mama yako alinipeleka zahanati kwa mkokoteni, sijitambui. Wakanihamishia hospitali kubwa kwa mpango huo huo wa majaribio, nikakatwa mguu chini ya goti. Hawajatutoza kitu. Wauguzi ni watu wazuri, uji unaletwa kwa wakati. Nalala natazama dari, siwazi lolote.

Jana karani wa kukusanya maoni kapita wodini. Akaniuliza kama nataka matibabu ya umma kwa kila mtu. Nikasema hapana. Akanitazama, akatazama pale shuka lilipolala bapa, akaandika.

Sijui kwa nini nilisema vile, mwanangu. Nilisikia sauti yangu tu. Alipohamia kitanda cha pili nilitaka kumwita arudi. Sikumwita.

Baba yako