Kibendera cha Ureno Sikivai

Shangazi Tufaha, nakuomba uniamulie kabla sijapasuka kwa hasira. Mimi ni Marietha, Mmakonde wa Mueda, Msumbiji, nafua mashuka katika hoteli moja hapa Oud Metha, Uarabuni, na kwetu kazini kila anayehudumia wageni huvaa kifuani kibendera cha lugha anayoijua, sasa wameanza kuja Wabrazili wengi, nikampelekea mmoja taulo tukaongea Kireno, bosi wetu madam Rahaf akasikia, akanipandisha mapokezi, nilifurahi mpaka nikampigia mama simu, lakini kibendera alichonipa ni cha Ureno, nikamwambia Kireno ni lugha rasmi ya kwetu pia, naomba cha Msumbiji, akasema, "Hicho kina bunduki, utatisha wageni, vaa hiki, khalas," na Shangazi, bibi yangu alilimishwa pamba kwa viboko chini ya bendera hiyo, babu akaingia msituni kupigana mpaka ikateremshwa, mimi nitaivaaje huku nikichekea watu? Mume wangu Joachim ananiambia, "Yalla, Marietha, kipande cha bati tu hicho, vaa tupumue," na madam kasema nikija Jumapili bila hicho nirudi kufua. Nivae?

Marietha

Marietha mwanangu, usivae.

Pole, najua mapokezi ni pazuri kuliko kwenye mvuke wa mashuka. Lakini nawe umenikera. "Naomba" ya nini? Kireno ni lugha rasmi kwenu, ni rasmi Angola, Brazili, Cape Verde, Guinea-Bissau. Ureno ni nchi moja tu kati ya nyingi, tena Wabrazili peke yao wanawazidi Wareno mbali kwa wingi. Hao wageni wenu wana bendera yao, nani kamwambia madam wanaitamani ya Ureno?

Na huyo Joachim, mwulize: kama ni kipande cha bati tu, mbona madam amekikazania hivyo?

Jumapili panda mapokezi kifua kitupu. Mwambie kwa adabu, bila kuchekacheka: "Madam, Kireno nitakisema, cha Ureno sivai. Cha kwetu kikikutisha, niandikie jina la lugha, basi." Akikubali, chapa kazi. Akikataa, shuka ukafue, wala usimlilie. Wabrazili watajaa mbele ya kaunta na hakuna atakayewaelewa. Madam atashuka kukuita, na safari hiyo mwache aombe yeye.